Dada Yangu Anasomea Kubomoa Kuta

Mhariri, naomba nafasi katika jarida letu la chama nitoe dukuduku ambalo limenikaa kooni tangu muhula wa pili.

Wanachama mtakumbuka ule mjadala wetu uliojaza ukumbi hadi wengine wakakaa madirishani. Hoja ilikuwa kwamba shahada moja yatosha, na kuendelea kusoma baada ya hapo ni kupoteza wakati na pesa za wazazi. Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza upande wa kupinga. Tulishindwa. Tena si kushindwa kwa kura mbili tatu. Tulishindwa vibaya mno, hata mwalimu mlezi akatuonea imani akatununulia soda. Mambo yaliharibika pale nilipotoa mfano wa dada yangu, ambaye tayari ana shahada ya uhandisi na sasa anafanya shahada ya uzamili katika uhandisi wa miundo, yaani ile elimu ya kujua jengo au daraja litasimama kwa nguvu gani na litaanguka kwa sababu gani. Msemaji mmoja wa upande wa kuunga akainuka. "Taarifa, Bwana Spika! Huyo dada, hasa hasa, anafanya nini huko chuoni kila siku?" Nami kwa ujinga wangu wa kusema kweli bila kuipanga nikajibu, "Anajenga kuta, halafu anazibomoa."

Bwana wee! Watu walicheka hadi Spika akavunja kengele. Tangu siku hiyo jina langu bwenini ni Bomoa, na hata wanafunzi wadogo wananiita hivyo nikipita.

Sikasiriki sana, kwa sababu hata kwetu nyumbani wanasema yayo hayo. Shangazi yangu akija huanza na salamu, kisha humgeukia dada: "Mama, yule mliyesoma naye ana watoto wawili sasa. Wewe una mawe." Majirani nao huhesabu miaka kwa vidole. Mitano ya shahada ya kwanza, miwili ya kuajiriwa, sasa amerudi darasani miaka mingine miwili ambayo tayari inanusa mitatu, maana mashine ya kupimia husubiriwa zamu kama maji ya mfereji. Ati badala ya kusaidia wadogo zake karo! Na hao wadogo, mmojawapo ni mimi ninayeandika.

Hebu basi niwaeleze habari ya ukuta wenyewe, kwa utulivu, bila kengele ya Spika kunikata maneno.

Sisi ni watu wa Nakuru. Baba yangu amejinyima miaka mingi, akaweka akiba, akakopa sacco, na sasa anajenga ghorofa kwenye ploti yake. Mtindo ni ule ule mnaoujua: chini maduka, juu vyumba vya kupangisha. Chini hakuna kuta nyingi, ni nguzo tu na milango mipana ya chuma, kwa sababu mwenye duka anataka mteja aone bidhaa kutoka barabarani. Juu, kila chumba kina kuta zake za mawe ya kuchonga, moja baada ya nyingine, ghorofa juu ya ghorofa. Likizo ya Agosti fundi akamshauri baba aziondoe kuta mbili za nyuma zilizobaki kule chini, apate nafasi moja kubwa ya kukodisha mtu wa supamaketi. Kodi ya supamaketi si kodi ya kinyozi. Baba alifurahi sana.

Dada akaja Jumamosi. Akazunguka, akatazama juu, akatazama chini, akanyamaza kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akasema, "Baba, hizo kuta mbili usiziguse."

"Kwa nini, mama? Hazijabeba kitu. Fundi anasema nguzo ndizo zinazobeba."

"Anasema kweli, baba. Nguzo zinabeba. Lakini ardhi ikitikisika, kuta ndizo zitakazozisaidia nguzo kusimama."

Fundi naye, mtu mzima aliyejenga nusu ya mtaa wetu, akajipangusa jasho na kusema kwa heshima, "Injinia, mimi nimejenga miaka ishirini. Hakuna hata moja iliyoanguka."

Hilo ndilo jibu ambalo hata mimi ningelitoa. Na ndilo lililonifanya nielewe dada yangu anasomea nini. Maana nyumba zote alizojenga fundi yule zimesimama katika ardhi iliyotulia. Hazijawahi kuulizwa swali lenyewe.

Swali hilo liliulizwa mara moja, na si mbali na kwetu. Tarehe 6 Januari 1928 ardhi ilitetemeka Subukia, kwa mtetemeko wa ukubwa wa 6.9, ambao ndio mkubwa kuliko yote iliyopimwa katika nchi hii. Ardhi ilipasuka kwa mstari wa zaidi ya kilomita 30. Nyanya yangu hakuwa amezaliwa, ila alisimuliwa na mamake kwamba mbuzi walilala chini wakakataa kuinuka. Watu wengi wa wakati ule waliishi katika nyumba za udongo na nyasi. Ikikuangukia unajipangusa vumbi. Hakukuwa na nyumba za ghorofa tano zenye maduka chini. Leo Nakuru ni jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, na ghorofa zinaota kama uyoga baada ya mvua. Bonde la Ufa halijahama.

Nikamwomba dada anieleze kama mtoto. Akasema nifikirie mtu amebeba gunia la mahindi kichwani, miguu yake ni mikonde. Akisimama tuli hana taabu, anaweza hata kupiga gumzo. Lakini msukume ubavuni, magoti ndiyo yatakayokunjika, gunia libaki zima. Ghorofa yenye maduka wazi chini na kuta nzito juu ndiye huyo mtu. Wakati wa mtetemeko vyumba vya juu husogea pamoja kama sanduku moja gumu, na kazi yote ya kupinda inaachiwa nguzo za chini. Ndivyo majengo mengi yalivyokwenda chini kule Uturuki tarehe 6 Februari 2023, ingawa ubovu wa zege na ulegevu wa ukaguzi ulichangia pia. Zaidi ya watu 50,000 walikufa Uturuki peke yake. Picha mliziona, ghorofa ya juu imekaa juu ya vifusi kama kofia iliyoangushwa.

Sasa, upande wa kuunga watasema: kama jambo hilo linajulikana, dada yako anatafuta nini tena? Si afungue kitabu asome?

Hapo ndipo penyewe. Vitabu vipo, ila vinazungumzia kuta za watu wengine. Kwa miaka mingi wahandisi wetu walichora nyumba kwa kufuata kanuni za Waingereza, na ile ya zege iliyotumika sana, BS 8110 ya mwaka 1985, haikuwa na hesabu za mitetemeko. Na ya nini? Uingereza si nchi ya mitetemeko mikubwa. Kanuni zetu za ujenzi zenyewe zilikuwa za mwaka 1968, zikatutawala zaidi ya nusu karne hadi ilipotoka Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya 2024. Ni kweli Serikali iliwahi kutoa mwongozo wa kujenga kwa kufikiria mitetemeko mwaka 1973, lakini jiulizeni Nakuru ya 1973 ilikuwa na ghorofa ngapi za kupangisha. Tena vitabu vya ng'ambo vikisema ukuta, mara nyingi vinamaanisha matofali ya kuchoma au bloku za kiwandani zinazofanana kama mapacha. Sisi tunajenga kwa jiwe la volkeno lililokatwa kwa mashine machimboni, inchi tisa kwa tisa, na jiwe la chimbo hili ni gumu ilhali la chimbo lile unalivunja kwa kisigino kama biskuti. Ukuta wa namna hiyo ukisukumwa ubavuni katikati ya nguzo mbili utasaidia kiasi gani? Utapasukia wapi kwanza? Utaivunja nguzo yenyewe kabla haujaanguka? Hakuna Mwingereza atakayeamka asubuhi kutupimia jiwe la Nakuru.

Kwa hivyo dada yangu anajenga kipande cha ukuta ndani ya fremu ya zege, anangoja kikauke, anakisukuma kwa jeki pole pole, na kuandika kila ufa mpya na nguvu iliyouleta. Ukisukuma huku na huku, nyufa hutokea kwa mshazari zikakutana katikati kama herufi X. Kisha anabomoa, anaanza upya. Nilimtembelea siku moja. Palikuwa na vumbi, kelele, na wanafunzi wenzake wawili waliokuwa wakiponda michemraba ya zege. Mchemraba mmoja, sentimita 15 kila upande, ukitengenezwa vizuri na kukaa majini siku 28, unaweza kustahimili uzito wa tani 57 hivi. Hiyo ni zaidi ya matatu kumi na tano za abiria 14 zilizojaa, zimepangwa juu ya kitu unachoweza kukipakata! Nilipouona ukipasuka kwa mlio kama wa bunduki, niliruka. Wao hawakupepesa hata jicho. Waliandika namba.

Nisiwe mwongo lakini. Katika mjadala ule upande wa kuunga walitoa hoja moja ambayo sikuweza kuijibu, na usiku nilikosa usingizi kwa ajili yake. Walisema: majengo yanayoua Wakenya hayaangushwi na mitetemeko, yanaangushwa na tamaa. Jengo la Sunbeam pale Nairobi mwaka 1996. Lile la mtaa wa Nyamakima Januari 2006, likiwa bado linajengwa. Lile la Huruma usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, ghorofa sita kando ya mto, zaidi ya watu 45 wakafa, na mama mmoja akatolewa hai baada ya siku sita kifusini. Je, paliangushwa na ukosefu wa shahada ya pili? Mtu mwenye cheti tu angeweza kuona.

Ni kweli. Nakubali, na ningekuwa na ujasiri ningekubali siku ile ile. Lakini tazameni jambo hili. Mwaka 1918 mtafiti aitwaye Duff Abrams, aliyekuwa akifanya kazi katika Lewis Institute mjini Chicago, alichapisha matokeo ya maelfu ya majaribio ya zege. Aliponda na kuponda, naye pia bila shaka shangazi zake walimcheka. Alichopata chaweza kuelezwa kwa pumzi moja: ukizidisha maji kwa saruji ile ile, zege hudhoofika. Mfuko wa kilo 50 uliochanganywa na lita 25 za maji, na mwingine uliochanganywa na lita 35, si zege moja. Huo wa pili umepoteza nguvu kwa theluthi moja au zaidi, ijapokuwa saruji, mchanga na kokoto ni vile vile na bei ni ile ile. Nenda sasa kwenye mjengo wowote jioni, vijana wamechoka, zege limeanza kukaza ndani ya wilibaro. Utasikia nini? "Leta maji!" Miaka zaidi ya mia moja tangu 1918, na habari haijafika kwenye karai.

Basi ugonjwa wetu una miguu miwili. Mmoja ni kwamba maswali ya kwetu hayajafanyiwa utafiti wa kutosha. Mwingine, na huu unaniuma zaidi kwa sababu mimi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, ni kwamba utafiti ukishafanywa unafungiwa kabatini kwa lugha ambayo fundi haisomi. Nilimuuliza dada, "Hiyo tasnifu yako ataisoma nani?" Akahesabu: "Msimamizi wangu. Watahini wawili. Na mende." Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kichungu. Kuna watafiti waliopima mchanga unaouzwa Nairobi na viungani mwake, wakachapisha mwaka 2014 kwamba katika sampuli nyingi tope lilikuwa limepita kiasi kinachokubaliwa. Nani alimwambia mwenye lori? Nani alimwambia baba? Baba alinunua lori tatu mwaka huu kwa kuangalia rangi tu.

Na jambo lenyewe halihitaji maabara. Tia mchanga katika chupa ya jemu hadi nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, iache saa tatu. Mchanga hukaa chini, tope hukaa juu yake kama utando wa uji. Tope likizidi kama asilimia 8 ya kimo cha mchanga, rudisha lori. Nilifanya hivyo kwa mchanga wa baba. Lori moja lilifaulu, moja lilifaulu kwa kusukumwa, na la tatu, jameni, tope lilikuwa la kupandia sukuma wiki.

Fundi alisimama akitazama ile chupa. Hakuudhika, kinyume cha nilivyotarajia. Aliuliza maswali, na dada akamjibu kwa Kiswahili, akitafuta maneno, mara akwame, mara fundi amsaidie kwa neno la mjengo. Ndipo fundi akasema jambo ambalo halimo katika vitabu vyake vyote. Akasema: injinia, wewe huko chuoni unajaza ukuta mpaka juu kabisa, unagusa boriti? Dada akasema ndiyo. Fundi akatikisa kichwa. "Sisi hatuwezi. Jiwe la mwisho haliingii vizuri, mkono hauna nafasi ya kutia simiti. Hapo juu huwa tunaacha upenyo wa kidole, tunausiliba usoni tu uonekane umejaa." Dada alitoa daftari lake pale pale kifusini. Ukuta usiogusa boriti haufanyi kazi kama unaoigusa. Kuta mbili alizokuwa amezibomoa tayari zilikuwa kuta za kitabuni. Za Nakuru zina upenyo wa kidole. Ilibidi aandike upya mpango wake na kumwona msimamizi wake Jumatatu. Hivyo ndivyo miaka miwili inavyokuwa mitatu, enyi mnaohesabu kwa vidole.

Kuhusu pesa za wazazi, nitasema kwa ufupi kwa kuwa hapo ndipo mlipopiga makofi sana. Si kila anayesoma uzamili anakamua wazazi. Pale Juja tangu 2012 kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika Nzima, iliyo chini ya Umoja wa Afrika, ambako vijana kutoka kila pembe ya bara wamesoma uzamili na uzamifu katika fani za sayansi na uhandisi, ujenzi ukiwemo, wengi wao kwa ufadhili. Wengine hufundisha huku wakisoma. Dada yangu huchora ramani za nyumba usiku ili alipe karo. Hajaomba baba senti. Jambo la haki kulalamikia ni kwamba nchi inayozika watu wake kwenye vifusi haitengi fedha za kutosha kununulia maabara mashine ya pili, wanafunzi wasipange foleni. Hoja hiyo mkiileta, nitawaunga mkono mimi wa kwanza.

Naye msemaji aliyeniuliza lile swali, ambaye ni rafiki yangu na tunalala vitanda jirani, ana pendekezo ambalo nalileta hapa kwa idhini yake. Anasema chama chetu kichukue matokeo ya utafiti, moja kila muhula, tuyaandike kwa Kiswahili cha kueleweka katika ukurasa mmoja, tukabandike kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Tukikosa neno tumwulize fundi kabla ya kumwuliza mwandishi wa kamusi. Mimi naongeza kwamba tuanze na maji na saruji, kisha chupa ya jemu. Dada ameahidi kutusahihishia, na fundi ameahidi kutucheka pale tutakapokosea.

Kuta mbili za baba bado zimesimama. Mtu wa supamaketi alikwenda ploti ya jirani, ambako hakuna ukuta hata mmoja chini, na baba bado hajamsamehe dada kabisa. Akipita mbele ya duka lile hugeuza uso. Mama anasema itapita.

Kwa hayo machache, Mhariri, naomba kamati ya mijadala irudishe hoja ile muhula ujao. Niwekeni tena upande wa kupinga. Safari hii nitakuja na mchemraba wa zege ndani ya begi, na atakayeuliza dada yangu anafanya nini chuoni atapewa nyundo aupasue mbele ya Spika.